Walicheka umbo, hawakuuliza umri



Ndugu wasomaji, Ijumaa hii tumeona tuzungumzie kitu ambacho huenda baadhi ya wazee watashangaa kukikuta katika ukurasa huu, nacho ni mashine ya watoto ya kuchezea michezo, ile ambayo vijana wetu huiita gemu. Tunakusudia moja mahususi, kwa sababu namna watu walivyoipokea inatufundisha jambo kuhusu sisi wazazi kuliko kuhusu mashine yenyewe.

Mnamo tarehe 28 Agosti 2013, kampuni ya Nintendo ya Japani ilitangaza mashine ya mkononi iliyopewa jina la Nintendo 2DS. Kabla yake, mwaka 2011, kampuni hiyo ilikuwa imetoa Nintendo 3DS, mashine yenye vioo viwili iliyokunjwa kama kitabu, ambayo sifa yake kubwa ilikuwa kuonesha picha zenye kina, kana kwamba vitu vimesimama ndani ya kioo, na mtazamaji asihitaji kuvaa miwani. Ilianza kuuzwa Marekani kwa dola 249.99. Wanunuzi wakasitasita, na kabla mwaka haujaisha bei ikashushwa hadi dola 169.99. Sasa hii ya 2013 iliondolewa zile picha za kina, ikaondolewa na bawaba. Ikawa bapa moja isiyokunjika, nene upande wa juu na nyembamba upande wa chini, yenye spika moja tu. Hata vile vioo viwili, kwa hakika ni kioo kimoja kilichogawanywa na fremu ya plastiki iliyowekwa juu yake. Bei ikawa dola 129.99, na michezo yote ya 3DS ikachezeka humo.

Hapo ndipo dhihaka zilipoanza. Wapo waliodhani tangazo lenyewe ni mzaha. Wapo walioifananisha na kabari ya kuzuilia mlango. Wakasema ni mbaya wa sura, ni hatua ya kurudi nyuma, na kwamba mashine ambayo jina lake limetokana na picha za kina haina maana ikinyang'anywa picha hizo. Na aghalabu waliosema hivyo walikuwa watu wazima, wapenzi wa michezo hii, ambao walikwisha kununua ile ya ghali. Hawakuwa wateja waliokusudiwa, nao walijitwalia kiti cha hakimu.

Sisi tunaona kwamba hukumu ile ilikuwa ya dhulma. Kitu hupimwa kwa lengo lake. Mzazi yeyote aliyewahi kumpa mtoto mdogo kitu chenye bawaba anajua mwisho wake: kitafunguliwa na kufungwa mara mia kwa siku, kisha kitavunjika hapo hapo penye bawaba. Bapa lisilokunjika halina mahali hapo pa kuvunjikia. Na walipokuja watu kuishika mikononi badala ya kuitazama pichani, wengi wao walikiri kwamba inakaa vizuri kiganjani, kwa kuwa vitufe vimewekwa juu zaidi na mikono haijikunji.

Wala haikuwa mara ya kwanza kwa kampuni ile kushika njia hiyo. Mwaka 1989 ilitoa Game Boy, kazi iliyoongozwa na mhandisi wake Gunpei Yokoi, ambaye falsafa yake ilikuwa kutumia ufundi wa zamani, uliozoeleka na ulioshuka bei, kwa matumizi mapya. Kioo cha Game Boy hakikuwa na rangi wakati washindani wake, Atari Lynx na Game Gear ya Sega, walikuwa na vioo vya rangi vinavyopendeza. Lakini rangi zile zilikula betri. Game Gear ilitaka betri sita, nazo zilikwisha baada ya saa chache tu. Game Boy ilitumia nne na ikadumu muda mrefu zaidi. Kila mzazi aliyewahi kununua betri anaielewa hesabu hiyo bila kufundishwa. Game Boy ndiyo iliyoshinda sokoni, na ushindi wenyewe haukuwa mwembamba.

Na zile picha za kina zilizoliliwa sana? Mwaka 2017 kampuni ikatoa New Nintendo 2DS XL, ikairudisha bawaba, lakini picha za kina haikuzirudisha. Mashine yake kubwa ya mwaka huo huo, Switch, nayo haikuwa nazo. Kilichosemwa kuwa ni roho ya mashine kikazikwa bila matanga.

Tumeyataja haya si kwa kuitetea kampuni ya biashara, ambayo haihitaji wakili kutoka ukurasa huu. Tunayataja kwa ajili ya mtoto. Plastiki haina hisia, mtu aicheke apendavyo. Lakini nyuma ya kila kitu cha bei nafuu yuko mtoto aliyenunuliwa kitu hicho, na yuko baba au mama aliyetoa alichoweza. Mtoto anayekwenda shuleni na mashine ambayo watu wazima wameiita kabari ya mlango atarudi nyumbani na swali ambalo mzazi wake hakustahili kuulizwa. Kudharau cha mwenzio tumekatazwa, na sote twajua kwamba katazo hilo huvunjwa zaidi panapokuwa na vitu vipya vya kuoneshana.

Hata hivyo kuna jambo zito zaidi, ambalo kelele za vicheko zililifunika. Tangu 3DS ilipotoka, kampuni yenyewe ilishauri kwamba watoto wenye umri wa miaka sita na chini yake wasitazame picha za kina, kwa kuwa macho yao bado yanakua. Mzazi aliweza kuzifunga picha hizo kwa namba ya siri. Kuziondoa kabisa katika 2DS kulikuwa ni hifadhi kwa watoto hao, hilo tunalikubali. Lakini kulikuwa pia ni kufungua mlango. Mkuu wa tawi la Marekani wakati huo, Reggie Fils-Aimé, alieleza waziwazi kwamba mashine mpya inawafikia watoto wa miaka mitano na sita, ambao ile ya kwanza ilikuwa imewaacha nje. Soko lilikuwa limepata wateja wapya ambao hawajajua hata kufunga kamba za viatu. Watu wakabishana kuhusu umbo la plastiki! Tuliyemtarajia aulize iwapo mtoto wa miaka mitano anahitaji mashine yake mwenyewe hakusikika.

Kisha ipo hesabu. Mashine iliingia madukani tarehe 12 Oktoba 2013, siku ile ile ilipotoka michezo ya Pokémon X na Pokémon Y, ambayo kila mmoja uliuzwa Marekani kwa takriban dola 40. Mzazi aliyefurahia kuokoa dola 40 kwa kuacha 3DS alizirudisha kwa kaseti ya kwanza. Akinunua tatu, bei ya michezo imekaribia bei ya mashine. Na mtoto hatosheki na tatu. Urahisi wa kifaa ni chambo halali katika biashara, hatusemi kwamba ni ulaghai, lakini israfu haiingii nyumbani kwa mlango wa vitu vya ghali peke yake.

Bei iliendelea kushuka, dola 99.99 mwaka 2015 na dola 79.99 mwaka 2016, mpaka uzalishaji wa familia nzima ya mashine hizo uliposimamishwa mwaka 2020. Mwezi Machi 2023 ununuzi wa michezo yake kwa njia ya intaneti ulifungwa, na Aprili 2024 ukafungwa uchezaji wa pamoja mtandaoni. Kwa hiyo anayeletewa leo 2DS iliyotumika, pengine na jamaa aliyeko Ulaya au Marekani, atategemea kaseti, au michezo ambayo mwenye mashine wa awali aliiacha humo. Namba ya siri ya mzazi wa kwanza nayo huenda bado imo, basi aulizwe kabla mzigo haujafungwa.