Jina Moja, Wenyewe Wawili

Wako mafundi wasemao kwamba kompyuta ikikataa kupokea programu, dawa yake ni kuilazimisha. Nayapinga maneno hayo kwa sababu nimeyaona matunda yake.

Katika kompyuta zinazotumia Linux, programu huletwa kwa vifurushi vya mafaili. Msimamizi wa vifurushi, kama dpkg wa Debian, ni mfano wa karani wa viwanja: katika daftari lake kila faili lina mwenyewe. Kikija kifurushi kingine kinachotaka kuweka faili mahali palepale kwa jina lilelile, karani hukataa. Fundi akimlazimisha, faili la kwanza hufutwa na umiliki huhamia kwa mgeni. Siku mgeni akiondolewa, huondoka na faili, na mwenyeji hubaki kama nyumba iliyong'olewa mlango.

Katika shule niliyofundisha, mtu aliyekuja kuweka programu ya ratiba alilazimisha hivyo. Asubuhi yake programu ya kuandikia haikufunguka, na karatasi za mtihani zilikuwa hazijapigwa chapa. Yeye alikuwa amekwisha kwenda zake.

Hata wakubwa hugombea majina. Wapenzi wa redio walikuwa na programu iitwayo node. Kisha mwaka 2009 ikazuka Node.js, nayo ikataka kuitwa kwa amri hiyohiyo. Mwaka 2012 Kamati ya Ufundi ya Debian ilikata shauri: Node.js iitwe nodejs, na ile ya redio iitwe ax25-node. Wote wawili wakanyimwa jina! Baadaye Node.js ilirudishiwa lake, lakini kwa miaka kadhaa watu walihangaika na maandiko yaliyoita amri isiyokuwako.

Tena si kwamba njia haikuwako. Kanuni ya mpangilio wa mafaili, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1994 na la 3.0 mwaka 2015, imetenga folda ya /opt kwa programu za nyongeza. Kila programu hukaa humo katika folda yenye jina lake au la mtoaji wake. Na majina ya watoaji huandikishwa, wasije wawili wakajiita jina moja. Mipangilio yake huwekwa katika /etc/opt, na data zinazobadilika katika /var/opt. Hata /opt/bin haikuachiwa mgeni: ni ya msimamizi wa mtambo, naye ndiye aamuaye amri ipi iunganishwe humo.

Watasema kwamba njia hiyo hula nafasi, kwa kuwa kila programu huja na vyombo vyake, na kwamba amri zake huwa ndefu kuandika. Ni kweli. Lakini herufi chache za ziada ni taabu gani mbele ya darasa zima lililokaa bila mtihani?

Programu ile ya ratiba tuliihamishia /opt, katika folda yake yenyewe, tukairudishia ya kuandikia mafaili yake. Kazi hiyo ilituchukua alasiri moja.