Tablete ya kuandikisha wahami ijifunze kwa utepe wa mtoto

KIBABI, Masisi – Kati ya vitu vyote vinavyovaliwa mkononi huku Kibabi, chenye faida kubwa hakina batri wala kioo. Ni utepe wa rangi tatu ambao muuguzi anauzungusha kwenye mkono wa juu wa mtoto mwenye miezi 6 hadi 59. Kipimo kikiwa chini ya milimita 115, rangi ni nyekundu: mtoto ana utapiamlo mkali, apelekwe kituo cha afya bila kukawia. Kuanzia 115 hadi karibu na 125 ni manjano. Kuanzia 125 kwenda juu ni kijani, na mama anarudi nyumbani roho imetulia. Hata mama ambaye hakukalia dawati la shule anaweza kufundishwa kuutumia, na jibu analipata palepale.

Mahali wahami wa vita wanapoandikishwa kuna chombo kingine: tablete. Si ile ya kuangalia filamu. Ina ganda nene la kukinga mvua na vumbi, na pengine ina sehemu ya kuweka kidole. Mama anataja jina, hesabu ya watoto na kijiji alichokimbia. Anaweka kidole. Kisha anaambiwa angoje. Habari zake zote zimeingia ndani ya chombo, lakini yeye mara nyingi anaondoka bila kujua kama ameandikwa ao hapana.

Shida si tablete yenyewe. Shida ni programu iliyowekwa ndani, ikiwa imetengenezwa na watu ambao hawakufikiri kabisa juu ya Masisi.

Raiya wa Masisi si wageni wa vyombo vya namna hii. Tarehe 30 Disemba 2018 walipiga kura kwa mashine iliyotengenezwa na Miru Systems ya Korea ya Kusini. Ile ilikuwa kama tablete kubwa yenye kuchapa karatasi. Disemba 2023 mashine zilitumika tena nchini, lakini Masisi na Rutshuru hawakupiga kura kwa sababu ya vita. Somo ni moja: chombo kiwe kizuri namna gani, asiyeandikishwa hayumo. Kwenye kura amekosa sauti. Kwenye liste ya msaada amekosa unga, na watoto wanalala njaa.

Kwa hiyo, wanaotengeneza programu za tablete hizi wanapaswa kujibu mambo manne.

La kwanza ni rezo. Mtu ametembea tangu alfajiri, amefika, anaambiwa: «Rezo imekatika, rudi kesho.» Hiyo si sababu ya kukubali. KoboToolbox, iliyoanzishwa na Patrick Vinck na Phuong Pham wa Chuo Kikuu cha Harvard, watafiti waliofanya kazi pia mashariki mwa Congo, inaweka majibu ndani ya chombo na kuyatuma rezo ikirudi. Ina mpango wa bure kwa mashirika ya msaada. Kama hiyo inaweza, zingine pia zinaweza.

La pili ni kidole. Kidole cha mwenye kulima, mwenye kuchimba madini na mwenye kubeba mizigo kinasuguliwa kila siku hadi mistari yake inafifia. Cha mzee vilevile. Programu ikikataa kidole hicho, inamwadhibu mtu kwa sababu alifanya kazi maisha yake yote. Lazima kuwe na njia nyingine ndani ya programu hiyohiyo: picha, ao ushuhuda wa majirani na wa msimamizi wa kambi, bila kungoja ruhusa kutoka ofisi ya mbali.

La tatu ni lugha. Masisi na Walikale kuna wasemao Kihunde, Kinyarwanda, Kitembo, Kinyanga na Kiswahili. Ulizo likiandikwa kwa Kifaransa, mwandikishaji analitafsiri kichwani mwake, kila mmoja kwa namna yake, na hesabu ya watoto inaweza kubadilika njiani. Tablete inaweza kucheza sauti iliyorekodiwa. Redio za jamii zina watu wanaojua kusema lugha hizo vizuri. Waitwe, warekodi maulizo.

La ine, na ndilo zito kuliko yote, ni siri. Mwezi wa Agosti 2021, Wataliban walipochukua Afghanistan, walikamata vyombo vya mkononi ambavyo jeshi la Marekani lilikuwa likitumia kusoma macho na vidole vya watu. Wale waliokuwa wamefanya kazi na Wamarekani waliingiwa na woga. Huku Masisi, kijiji kinaweza kulala chini ya wenye silaha hawa na kuamka chini ya wale. Basi kila ulizo lisilohitajika kwa kugawa unga lisiulizwe. Kabila la mtu halipimi njaa yake. Na habari zikisha kutumwa, zifutwe ndani ya tablete.

Wenye mashirika wanajibu kwamba bila kidole watu wanajiandikisha mara mbili. Ni kweli, wako wanaofanya hivyo, na anayepoteza ni mhami wa kweli. Lakini mwizi anayekula mara mbili na bibi mzee anayelala njaa kwa sababu mashine imemkataa si makosa ya uzito mmoja. La kwanza linapunguza chakula. La pili linaweza kuua.

Inawezekana kufanya vizuri, na mifano iko karibu. Kule Uganda, Brian Turyabagye na Olivia Koburongo walibuni Mama-Ope, koti ambalo mgonjwa analivaa, likapima joto, pumzi na sauti ya mapafu, na kutuma majibu kwenye simu ili kugundua kichomi mapema. Bibi yake Koburongo alifariki baada ya ugonjwa huo kuchelewa kutambuliwa. Mganda mwingine, Brian Gitta, alibuni Matibabu, chombo cha kubana kwenye kidole ili kutafuta malaria bila kutoa damu. Mwaka 2018 alipata Tuzo ya Afrika ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Wote walianzia kwenye ugonjwa walioujua nyumbani kwao.

Vijana wanaosoma enformatike pale Goma, ULPGL ao ISIG, wanajua vizuri maana ya kukimbia vita. Mashirika yawape kazi hiyo, nao wakae kwanza na wahami kabla ya kuandika programu. Na tablete yoyote ijaribiwe kwanza Kibabi, siku ya mvua, batri ikiwa karibu kuisha, mbele ya mama mwenye vidole vilivyochakaa. Akiondoka anajua kama ameandikwa na siku gani arudi, programu imefaulu kama ule utepe. Akiondoka hajui kitu, wairudishe ofisini.