Wakazi wa Kando ya Barabara Kuu si Wakwamishaji

Kila barabara kuu inapopanuliwa, wakazi wa kando yake husemwa maneno yale yale: ni wavamizi, watalipwa, foleni itakwisha, na watakaobaki wataneemeka. Yalisemwa mwaka 2017, nyumba zaidi ya 1,000 zilipobomolewa kati ya Kimara na Kiluvya, Dar es Salaam, kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro. Sasa inapangwa barabara ya kulipia ya Kibaha hadi Chalinze, na maneno hayo yanarudi. Yanastahili kujibiwa kabla tingatinga halijawashwa.

“Ni wavamizi, walijenga ndani ya hifadhi ya barabara.” Hili ndilo zito kuliko yote, maana mtu akishaitwa mvamizi hakuna anayemsikiliza tena. Kati ya Kimara na Kiluvya hifadhi ilihesabiwa mita 121.5 kila upande, kutoka katikati ya barabara. Huo ni umbali unaozidi urefu wa uwanja wa mpira. Kwa kawaida barabara kuu nchini ina mita 30 kila upande. Mnunuzi wa kiwanja pasipo na nguzo za mpaka angejuaje kwamba lami ile ya mbali inadai ardhi mpaka mlangoni pake? Nyumba nyingi kati ya hizo zilikuwa na umeme na mita ya maji. Palikuwa na makanisa, misikiti na vituo vya mafuta. Huduma hizo hazikuingia usiku kwa kificho, na walioziidhinisha walikuwa na wajibu wa kuijua ramani kabla ya mwananchi.

Tena wapo ambao barabara ndiyo iliyowafuata. Zamani hifadhi ya kawaida ya barabara kuu ilikuwa mita 22.5 kila upande. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipoanza kutumika, ikawa mita 30. Aliyekuwa amejenga kihalali akajikuta ndani ya hifadhi bila kusogeza tofali hata moja. Ndiyo maana ukutani huchorwa X ya kijani kwa wanaostahili fidia na X nyekundu kwa wasiostahili. Anayewaita wote wavamizi amezichanganya rangi hizo mbili.

“Basi watalipwa fidia, wanalalamikia nini?” Kwenye karatasi, fidia yetu si mbaya. Kanuni za mwaka 2001 chini ya Sheria ya Ardhi zinataka bei ya soko, posho ya usumbufu, usafiri wa mizigo hadi tani 12 ndani ya kilomita 20, kodi ya pango ya miezi 36, na faida iliyopotea kwa mwenye biashara. Lakini kuna matatizo mawili. Kwanza, hesabu hiyo imejengwa juu ya mwenye ardhi. Mpangaji wa chumba kimoja, fundi cherehani wa barazani na mama lishe wa kituoni wanaambulia nini? Wateja wao hawahamishiki kwa lori. Pili, kati ya uthamini na malipo mwenye nyumba huambiwa asiendeleze chochote. Paa linavuja, ufa unapanuka, na bei ya saruji haimsubiri. Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016 iliweka kikomo cha miaka miwili kwa uthamini wa fidia kwa sababu hii hii: pesa iliyochelewa hainunui kiwanja kile kile.

“Foleni itakwisha.” Houston, jimbo la Texas, Marekani, walipanua Katy Freeway hadi njia 26 mahali ilipo pana zaidi, ukihesabu za pembeni. Kazi ikakamilika mwaka 2008. Kati ya 2011 na 2014 muda wa safari ya jioni uliongezeka kwa asilimia 55. Njia mpya huita magari mapya. Dar es Salaam ilihesabiwa watu milioni 5.38 mwaka 2022, na hawawezi kuingia mjini kila mtu na gari lake hata tukibomoa nyumba zote. Kinachosaidia ni mabasi yenye njia zake, kama mwendokasi ulioanza kati ya Kimara na Kivukoni mwaka 2016. Upanuzi unaotenga njia za mabasi nauunga mkono kwa moyo wote.

“Watakaobaki wataneemeka.” Bei ya kiwanja hupanda, kweli, lakini humfaa anayeuza na kuondoka. Anayebaki ana njia nane za kuvusha watoto wa shule, na daraja la waendao kwa miguu likiwa mbali, mzee na mjamzito watakatiza katikati ya magari. Tuta la barabara likiinuliwa na makalavati yakielekezwa vibaya, maji ya masika humalizikia sebuleni kwa mtu.

Na wanaodai kwamba kuuliza maswali kunachelewesha mradi wakumbuke kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka wananchi washirikishwe katika tathmini ya athari.

Kwa hiyo ndugu mkazi wa kati ya Kibaha na Chalinze: hudhuria mkutano wa kijiji au mtaa, omba kuonyeshwa ramani na nguzo za mpaka, hakikisha wapangaji wako na biashara zao wameandikwa, na usisaini fomu ya uthamini kabla ya kuisoma na kubaki na nakala yake.