Bukavu: Magari ya makopo ya watoto yapewe nafasi shuleni

Mjini Bukavu, wazazi wengi hutupa magari ambayo watoto wao wanatengeneza kwa makopo ya sardini, waya na vipande vya sandali za zamani. Wanasema ni takataka. Wanakosea.

Magari ya Matchbox yalianzia nyumbani pia. Jack Odell, fundi wa kampuni ya Lesney jijini London, alimtengenezea binti yake mashine ndogo ya kushindilia barabara, kwa sababu shule iliruhusu tu vitu vya kuchezea vinavyoingia katika kisanduku cha kiberiti. Mwaka 1953 Matchbox ikaingia sokoni, na magari yake yakauzwa kwa mamilioni.

Yalitengenezwa kwa madini ya kuyeyushwa, sehemu kubwa ikiwa zinki. Zinki, Kongo inayo: mgodi wa Kipushi, kule Haut-Katanga, ulisimama mwaka 1993 na kuanza tena kuzalisha mwaka 2024. Lakini gari la kuchezea linalouzwa Kadutu linatoka China, mara nyingi la plastiki, na halimalizi wiki.

Shule za ufundi za Bukavu zingeweza kuwapa watoto hawa meza moja, koleo na mkasi wa bati. Mtoto anayefanya gurudumu la sandali lizunguke bila kuyumba amekwisha kuelewa ekseli, tena bila mwalimu.