Mali bila daftari: somo la fedha tusiliachie simu

Wahenga walituachia usemi usiochakaa: mali bila daftari huisha bila habari. Mimi ni mwalimu wa somo la Biashara katika shule moja ya upili huku Kabras, Kaunti ya Kakamega, na kwa miaka mingi nimeuandika usemi huo ubaoni siku ya kwanza ya muhula. Wanafunzi huunakili kwa hati nzuri, nami huendelea na mada. Miaka michache iliyopita nilitambua kwamba nilikuwa nikiuandika tu, wala sikuwa nimeufundisha.

Kijana mmoja wa kidato cha nne, aliyekuwa ametimiza miaka 18 na kupata kitambulisho, alikopa shilingi 2,000 kwa simu wakati wa likizo. Hakuzikopa ili acheze kamari wala anunue viatu. Alinunua vifaranga, kwa sababu nilikuwa nimemfundisha kwamba mjasiriamali ni mtu aonaye nafasi na kuitumia, na huku kwetu, ambako mgeni wa heshima haagwi kabla hajala kuku, soko halikosekani. Mkopo ulikuwa wa siku 30. Kuku wa kienyeji huchukua kiasi cha miezi mitano au sita kabla ya kutaga yai la kwanza. Siku ya thelathini ilipowadia, vifaranga walikuwa bado wanaoteshwa moto jikoni kwa mama yake. Akakopa kwingine ili alipe kule. Haikupita miezi mitatu, nikaletewa ujumbe na watu nisiowajua, wakinitaka nimhimize alipe deni. Nambari yangu walikuwa wameichota katika simu yake.

Kijana huyo hakuwa mzembe. Katika mtihani wangu alikuwa ametaja vyanzo vitano vya mtaji pasipo kukosea hata kimoja. Alichokosa ni swali dogo ambalo mama muuza mboga wa soko la Malava hujiuliza kila alfajiri: mali hii itaanza kuzaa lini, na deni hili litadaiwa lini? Swali hilo mimi sikupata kumwuliza. Katika mtaala wa 8-4-4, ambao sasa unafikia tamati, mada ya fedha na benki hufundishwa katika kidato cha nne. Simu haikungoja kidato cha nne.

Tuutazame ukweli ulivyo. M-Pesa ilianza Machi 2007, kwa hivyo mtoto aliyezaliwa mwezi huo amekwisha kuvuka miaka 18. Mikopo ya M-Shwari ilikuja Novemba 2012, Fuliza ikafuata Januari 2019, na Hazina ya Hustler ikazinduliwa tarehe 30 Novemba 2022. Watoto tunaowafundisha hawaikumbuki nchi ambayo mtu hawezi kukopeshwa akiwa amelala kitandani. Somo la fedha wanalipata, tutake tusitake. Linalosikitisha ni kwamba mwalimu wao mkuu ni yule yule anayewakopesha, au yule anayewaalika kubahatisha matokeo ya kandanda.

Wapo wanaosema kwamba dawa ni mtandao, kwa kuwa mtandao umejaa mafunzo ya biashara na fedha bila malipo. Kwa kiasi fulani wanasema kweli. Khan Academy ya Marekani inayo masomo ya bajeti, riba na akiba ambayo hayatozwi hata senti. Mradi wa OpenStax wa Chuo Kikuu cha Rice, huko Houston, ulitoa mwaka 2018 kitabu kizima cha utangulizi wa biashara kinachosomwa bure. Taasisi yetu ya Ukuzaji Mitaala, KICD, nayo ina hazina yake ya masomo mtandaoni. Nimezipitia hazina hizi usiku, kwa gharama ya bando langu mwenyewe, na sijutii hata kidogo. Mwalimu anayezipuuza anajinyima.

Hata hivyo, tuliona mwaka 2020, shule zilipofungwa mwezi Machi kwa sababu ya korona, kwamba kuwapo kwa somo mtandaoni si sawa na kuwapo kwa somo kichwani mwa mtoto. Aliyekuwa na simu nzuri na fedha za bando alisoma. Wa kijijini alishinda shambani. Isitoshe, mafunzo hayo ya ng'ambo yanamzungumzia kijana mwenye mshahara wa kila mwezi, kadi ya benki, na kodi za Marekani za kujaza. Mtoto wa Kabras akimaliza kuyasoma hudhani kwamba fedha ni jambo la watu wengine.

Fedha za kwao zina mwendo wake. Muwa huchukua kiasi cha miezi 18 tangu kupandwa hadi kukatwa. Mzazi hulipwa kwa mkupuo, baada ya kukatwa gharama za kulima, mbegu, mbolea, uvunaji na usafirishaji. Siku moja nilifunga kitabu nikatoa mfano huu: tuseme mkulima amebakiwa na shilingi 54,000 baada ya makato yote, je, mapato yake kwa mwezi ni kiasi gani? Darasa lilipogawa kwa 18 na kupata shilingi 3,000, kimya kilitanda. Kila mmoja alikuwa ameziona zile 54,000 zikiingia nyumbani, zikanunua blanketi, zikalipa karo ya muhula mmoja, zikaisha. Hakuna aliyewahi kuziona kama shilingi 3,000 za mwezi. Siku hiyo neno bajeti lilipata maana.

Mfano wa pili ni wa riba. M-Shwari ilipoanza, ada ya mkopo ilikuwa asilimia 7.5 kwa siku 30. Hazina ya Hustler ilizinduliwa kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, mkopo ukilipwa kwa siku 14. Mwanafunzi atakayetazama tarakimu pekee atasema 7.5 ni nafuu kuliko 8. Akae achore hesabu: ukikopa shilingi 1,000 kwa ada ile ya kwanza, utalipa shilingi 75 kwa mwezi mmoja, na ukirudia miezi 12 utakuwa umelipa 900. Kwa ile ya pili, shilingi 1,000 kwa siku 14 huzaa riba ya shilingi 3 hivi. Simsifu huyu wala simlaumu yule. Nataka mtoto ajue kuuliza: asilimia hiyo ni ya muda gani? Akilijua swali hilo moja, amepata ngao ya maisha.

Tarakimu za mifano ya namna hiyo zimo mtandaoni, tena katika tovuti za humu humu nchini. Benki Kuu ya Kenya huchapisha orodha ya wakopeshaji wa kidijitali waliopewa leseni. Kanuni zilizotolewa mwaka 2022 zinawakataza wakopeshaji hao kuwasumbua jamaa na marafiki walio katika simu ya mdaiwa. Laiti mwanafunzi wangu angeisoma karatasi hiyo moja kabla ya kukopa! Laiti mimi ningekuwa nimeisoma!

Ndiyo maana nasema kwamba daraja kati ya mtandao na mtoto wa kijijini ni mwalimu. Shule nyingi zinakataza simu, nami naunga mkono katazo hilo, lakini halimzuii mwalimu kuchagua kurasa tatu kwa mwezi, kuzichapa na kuzibandika ukutani. Abadilishe dola ziwe shilingi na mshahara uwe malipo ya miwa. Aeleze kwa Kiswahili kile ambacho kitabu kimekifunga ndani ya Kiingereza, maana mtoto atakwenda kuyazungumza na mama yake aliye katika chama cha kuwekeana akiba. Aidha, awaonye dhidi ya takataka. Mtandao huo huo unaotoa kitabu bure ndio unaotangaza utajiri wa siku saba. Kenya haijasahau jinsi miradi ya upatu ilivyoporomoka mwaka 2007 na kuwaacha watu wengi bila akiba zao.

Najua walimu wenzangu watauliza: muda uko wapi, na mtihani je? Hoja hiyo ina uzito. Katika shule za sekondari ya chini, masomo yalipopunguzwa kutoka 14 hadi 9 mwaka 2024, Biashara iliunganishwa na masomo mengine, na nafasi yake ikazidi kubana. Lakini hesabu ya miwa ilinichukua dakika 20, na hakuna mada ya mtihani iliyoharibika kwayo. Serikali nayo isituachie walimu mzigo wa bando. Ikiwa KICD inaweza kuweka masomo mtandaoni, ofisi za elimu za kaunti ndogo zinaweza kuyachapa na kuyapeleka kwenye shule zisizo na umeme wa uhakika.

Yule kijana alimaliza deni lake Desemba, alipouza majogoo yake yote kwa wateja wa Krismasi. Baadaye nilimwomba aje awaeleze wadogo zake darasani. Aliandika ubaoni kila shilingi iliyoingia na kila iliyotoka, mikopo yote ikiwemo, na mstari wa mwisho ulionyesha kwamba alikuwa amefuga kuku nusu mwaka kwa faida ya waliomkopesha. Hakuna aliyecheka. Walinakili daftari lile kwa makini kuliko walivyowahi kunakili usemi wangu wa wahenga.