Mkono wa Kulia na Miwani ya Mchezo: Hoja Kuhusu Wagonjwa wa Kiharusi wa Garsen

Waswahili waliuita mkono huu "wa kulia" kwa kuwa ndio mkono wa kulia chakula. Jina hilo hupita masikioni pasi na kuzingatiwa, hadi siku kiharusi kinapomwangusha mtu mzima na upande wake wa kulia ukapooza. Kwa wengi wa wakazi wa Tana River, kuanzia Garsen hadi Kipini, kutia mkono wa kushoto katika sinia ni jambo la aibu. Mzee aliyezoea kula pamoja na wageni wake huanza kulishwa na mkaza mwanawe, au hujitenga chumbani akala peke yake. Maradhi yamempokonya mkono, na desturi ikampokonya sinia. Kwa sababu hiyo, suala la kuurejeshea mkono nguvu zake baada ya kiharusi si la madaktari peke yao.

Katika nchi tajiri, baadhi ya hospitali zimekuwa zikitumia michezo ya uhalisia pepe kwa kazi hiyo. Mgonjwa huvaa miwani maalumu au huketi mbele ya skrini. Vihisio huufuata mkono wake, naye akiunyosha, mkono wa kwenye picha nao hunyooka ukachuma tunda au ukadaka mpira. Alama huongezeka, na mchezo huzidi ugumu kadiri mchezaji anavyopata nafuu. Msingi wake kitabibu ni kwamba ubongo uliojeruhiwa waweza kujifunza upya namna ya kuuamuru mkono, ila kwa marudio mengi mno. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2009 kutoka vituo vya Marekani na Kanada ulionyesha kwamba katika kikao cha tiba ya mkono, mgonjwa alirudia vitendo vya matumizi wastani wa mara 32 tu, ilhali wanyama katika maabara hurudia mara mamia kwa siku. Mchezo hukusudiwa kuliziba pengo hilo, kwani anayecheza hachoki upesi kama anayehesabiwa moja, mbili, tatu.

(Istilahi yenyewe, kwa kupitia tu, ina kasoro yake. Pwani wapo wanaoamini kwamba kiharusi huletwa na upepo mbaya au pepo. Mgonjwa wa imani hiyo akiambiwa kwamba tiba yake ni uhalisia "pepe", yamkini ataomba kwanza aitiwe mganga.)

Je, miwani hiyo ndiyo Garsen inayoihitaji? Ushahidi uliopo hauelekei huko. Mwaka 2016, jarida la Lancet Neurology lilichapisha utafiti ulioongozwa na Gustavo Saposnik wa Toronto, uliowashirikisha wagonjwa 141 waliopatwa na kiharusi karibuni. Kundi moja lilicheza michezo ya Nintendo Wii. La pili lilicheza karata, bingo, mpira na mchezo wa kupanga vijiti. Kila kundi lilipangiwa vikao 10 vya saa moja katika wiki mbili, juu ya tiba ya kawaida. Makundi yote mawili yalipata nafuu, na hapakuwa na tofauti ya maana baina yao. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2017, yaliyokusanya tafiti 72 zenye washiriki 2,470, nayo hayakuona kwamba uhalisia pepe unaishinda tiba ya kawaida ya mkono. Faida ilijitokeza pale mchezo ulipoongezwa juu ya tiba hiyo, yaani pale mgonjwa alipopata muda zaidi wa mazoezi. Karata nazo zaweza kutoa muda huo.

Hapa ndipo hali ya Tana River inapopaswa kuzingatiwa. Kaunti hii ilikuwa na watu 315,943 katika sensa ya 2019, waliotawanyika katika eneo linalozidi kilomita za mraba 35,000. Makao makuu yako Hola, na kutoka Garsen kwenda huko ni safari ya kugharimu pesa na siku nzima. Mafuriko ya Novemba 2023, na yale ya Aprili na Mei 2024, yalizikata barabara na kuwahamisha watu wengi. Mkono uliopooza hauponywi kwa ziara moja. Hutaka kila siku, miezi mfululizo. Miwani ikinunuliwa ikawekwa Hola, itapigwa picha siku ya uzinduzi, kisha itamhudumia mwenye nyumba jirani na hospitali.

Sasa litazamwe bao. Lina mashimo 32 na kete 64. Mchezaji hunyoosha mkono, huchota kete, huzishika zisimwagike, kisha huziachia moja moja katika shimo baada ya shimo. Kufikia, kushika, kubeba na kuachia ndiyo matendo yale yale yanayoigizwa kwenye skrini, tena hapa komwe ni komwe kweli, ina uzito na utelezi wake. Mpinzani yupo, kibri cha kushinda kipo, na mgonjwa anarudi barazani miongoni mwa wenzake. Kazi za nyumbani pia zimo: kupukuchua mahindi, kuchagua mchele, kusuka ukili. Kwa mama wa Kiorma, kurudia kukamua maziwa ni lengo lililo wazi kuliko alama zozote za kompyuta.

Watakuwepo watakaouliza kama huku si kuwagawia matajiri miwani na maskini kokwa za porini. Swali hilo lina haki yake. Bao haliwezi kuwa kisingizio cha kutoajiri wataalamu wa tiba ya viungo. Mkono usiosogea hata kidole hauwezi kuokota komwe, na ni mtaalamu anayejua pa kuanzia. Ni yeye pia wa kuwaonya jamaa wasimwinue mgonjwa kwa kuuvuta mkono uliolegea, jambo linaloweza kulijeruhi bega na kuleta maumivu ya muda mrefu. Lakini kumnyima mgonjwa mazoezi ya leo kwa kungojea chombo kisichojulikana kitafika lini ni dhuluma iliyo kubwa zaidi.

Pana kikwazo kingine, nacho kimo ndani ya mapenzi ya jamaa. Mgonjwa hukandwa kwa mafuta, huogeshwa, huvishwa, hulishwa. Mwanafunzi wa sarufi ataona mara moja kwamba vitenzi vyote hivyo vimo katika kauli ya kutendwa. Kukanda kuna faraja yake, lakini ubongo haujifunzi kutenda kwa kutendewa. Mkono usiopewa kazi husahaulika hata pale uwezo mdogo unapokuwa umebaki.

Mnamo Septemba 2023, serikali ya Kenya iliwazindua wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 wakiwa na mikoba yenye vipimo, kikiwemo cha shinikizo la damu, chanzo kikuu cha kiharusi. Wanaoingia nyumba za Garsen, Ngao na Minjila ndio hao. Mtaalamu mmoja akipita kuwafunza, wanaweza kumtazama mgonjwa akicheza na kuhesabu marudio yake. Mkoba una nafasi ya mfuko mdogo wa komwe na karatasi ya maelekezo. Karatasi hiyo iandikwe kwa Kiswahili, Kipokomo na Kiorma, na wa kuiandika wamo katika vyama vya Kiswahili vya vyuo vikuu, ambako kila mwaka husomwa makala za istilahi ambazo hakuna mgonjwa aliyewahi kuzisikia.