Nasaha kwa Wenye Maduka na Mahoteli

Wenye maduka, mahoteli na maghala ya Mombasa, neno hili ni lenu. Mwenye kiwanja ndiye anayeamua mdudu gani aishi hapo na ndege gani atue. Siku hizi uamuzi ni ule ule kila mahali: jengo likikamilika, ardhi yote iliyobaki hutandikwa kabro toka ukutani hadi barabarani, mti mkongwe hung'olewa kwa kuwa unaangusha majani, kisha mlangoni huwekwa vyungu viwili vya maua. Huo tunauita usafi. Mimi nasema ni kuifisha ardhi.

Tazameni Bamburi. Kiwanda cha saruji kilianza kazi mwaka 1954, kikachimba mawe ya matumbawe mpaka pakabaki jangwa jeupe, kivuli hakuna, na maji ya chini yana chumvi. Mwaka 1971 René Haller, bwana shamba kutoka Uswisi aliyeajiriwa na kampuni hiyo, akaanza kupanda miti machimboni. Alijaribu aina 26. Zilizosimama ni tatu tu, mvinje ukiwa mbele. Lakini mvinje nao ulikuja na shida yake: majani yake membamba yalianguka, yakarundikana, hayaozi, na udongo haupatikani. Dawa ikawa jongoo. Yule jongoo mkubwa mweusi mwenye miguu myekundu, ambaye watoto wetu humgusa kwa kijiti ajikunje, aliletwa kwa mamia. Akayala majani yale, na choo chake kikawa udongo. Juu ya udongo huo ikaota miti mingine, ndege wakaja wenyewe, na leo pale ni Haller Park, penye twiga na viboko, na watu hulipa kiingilio kupaona. Mwaka 1987 Haller aliingizwa katika orodha ya heshima ya Global 500 ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa.

Hayo yalifanyika juu ya mwamba mtupu, na mwenye mali alikuwa mfanyabiashara kama nyinyi. Nyinyi udongo mnao tayari! Basi kwa nini mfagizi aamrishwe kila alfajiri kukwangua hata jani la mwisho chini ya mkwaju, alitie guniani au alichome? Jani lile ni chakula cha jongoo na mchwa, nao ni chakula cha ndege wanaochakura chini. Fagieni njia na mlango wa wateja; chini ya mti acheni. Na kama magari hayana budi kupata pa kuegeshwa, lizungushieni shina ardhi wazi ya hatua mbili tatu, maji ya masika yapate pa kuzama badala ya kukimbilia barabarani na kuingia kwa jirani.

Wa kupanda, pandeni mkwaju, mvule au mbambakofi, miti iliyozoea pwani hii. Aliyekuta mbuyu asiuguse. Ua lake hufunguka usiku, na popo ndio wanaobeba chavua yake. Kwa hiyo mkishafunga duka, zimeni taa kubwa zinazoumulika.

Jambo moja linanikera zaidi, nalo ni jaa la nyuma ya hoteli. Kunguru wa Bara Hindi, walioletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 ili wale taka, wameenea pwani nzima, wanakula mayai na makinda ya ndege wadogo. Mwenye kuacha wali na vichwa vya samaki katika pipa wazi anawafuga hao, hata kama uani kwake amepanda miti ishirini. Wapo wanaoniambia kwamba miti italeta nyoka. Nyoka hufuata panya, na panya hufuata makombo. Funikeni pipa.

Na wewe ambaye ramani ya jengo lako bado iko mezani, mwambie mchoraji aende kiwanjani akaupime kwanza mti uliopo, ndipo achore maegesho.